Mashindano makubwa ya gofu Zanzibar: tuyatake au tuyakatae?

Shangani Juu
Assalaam alaykum. Waliokesha Aprili 2025 wanaijua raha yake. Masters, mashindano makubwa ya gofu kule Augusta, Marekani: Rory McIlroy na Justin Rose wamefungana, wakarudi shimo la 18 kuamuana, kwetu huku karibu saa nane za usiku. Rory akatia, akaanguka magoti analia. Taji kubwa la mwisho kabla ya hapo alilipata 2014, na hili ndilo pekee lililokuwa likimkimbia. Kaondoka na koti la kijani analovishwa bingwa na dola milioni 4.2.

Sasa hoja yangu. Wakenya wana Kenya Open tangu 1967. Seve Ballesteros kaishinda 1978, Ian Woosnam 1986, Trevor Immelman 2000, na wote watatu baadaye wakalivaa lile koti la Augusta. Sie tuna bahari, hoteli, ndege za moja kwa moja kutoka Ulaya, na kiwanja cha mashimo 9 Mangapwani. Hakitoshi. Serikali itenge ardhi ya mashimo 18 tuingie kwenye ramani. Kama Unguja pamebana, ipo Pemba, ardhi imelala tu, watu burudani yao kubwa kukimbizwa na ng'ombe. Karibuni tujadili kwa hoja.

Eka Tatu
Wa alaykumu salaam. Mashimo 18 yanataka kiasi cha eka 150. Baada ya Mapinduzi watu waligaiwa eka tatu tatu. Piga hesabu: hizo ni familia 50. Utaziondoa wapi, uziweke wapi, ili Mzungu atembee na fimbo siku nne kwa mwaka?

Kengeja Asili
"Ardhi imelala tu." Subhanallah. Karafuu zilizoujenga mji wenu huo mnaoringia milango yake zilikuwa zikitoka wapi, Forodhani?

Na huko kukimbizwa na ng'ombe umekuona wapi wewe? Mchezo wa ng'ombe una zumari, una nyimbo, kinamama wanaimba na ng'ombe anachezwa kwa nguo. Akimaliza anarudi bandani mzima, hauawi. Umewahi kushuka bandari ya Mkoani hata mara moja, yakhe?

Shangani Juu
Ndugu yangu Kengeja, mie nimezungumzia gofu. Eka Tatu, mbona hukutaja ajira? Kedi anayembebea bingwa begi, desturi yao ni asilimia 10 ya zawadi ya ushindi. Asilimia 10 ya milioni 4.2 ni dola 420,000. Kijana wa Bububu akipata hizo?

Mzee wa Kikwajuni
Kijana wa Bububu hatambebea Rory. Anabebewa na Harry Diamond, rafiki yake tangu utotoni. Wakubwa wanakuja na watu wao. Wa Bububu atambebea mtalii, apewe cha kununulia chai.

Na ukitaja Augusta itaje yote. Mpaka 1982 mchezaji alikuwa haruhusiwi kuchagua, analazimishwa: kedi ni wa klabu, na makedi wa klabu wote weusi. Mwaka 1983 ndio wakaruhusiwa kuja na wao. Mchezaji mweusi wa kwanza, Lee Elder, kaingia 1975. Mashindano yenyewe yameanza 1934. Miaka 41 mtu mweusi anaingia kiwanjani na begi la mwenzake begani. Sasa hiyo ndiyo ajira tunayowatafutia wajukuu?

Bint Makunduchi
Na huko Augusta wanawake hawaruhusiwi kuwa wanachama mpaka hii leo. Halafu mtu anatuletea hapa kama maendeleo.

Shangani Juu
Bibie, soma kwanza. Wanawake wameingia 2012: Condoleezza Rice na Darla Moore.

Bint Makunduchi
Kwanza mie si bibie wako. Pili, toka 1934 mpaka 2012 ni miaka 78. Ungekuwa wewe umesimamishwa mlangoni miaka 78 ungeniambia "soma kwanza"?

Fundi wa Bomba
Nyie mnagombana na Wamarekani, hapa hakuna aliyeuliza maji. Nyasi za gofu zinamwagiwa kila siku wakati wa jua kali. Unguja hatuna mto wa kutegemea, tunavuta maji ya chini. Kule ukanda wa mashariki ndoo mtu anainunua. Nani atamwambia mama wa Paje asubiri kidogo, majani yanakunywa?

Shangani Juu
Kuna nyasi inaitwa paspalum, inavumilia maji ya chumvi. Viwanja vingi vya pwani duniani vinaitumia. Tatizo limekwisha.

Fundi wa Bomba
Halijakwisha, limehama. Uwanda wetu ni jiwe la matumbawe, maji yanapita kama kwenye chujio. Ukimwaga chumvi juu, na mbolea yake, inakwenda kukaa kwenye kisima. Nyasi itastahamili, mtu je? Nijibu hilo.

Kengeja Asili
Hatakujibu. Na mie hajanijibu kama ameshawahi kufika Pemba.

Shangani Juu
Nimefika! Nimelala Chake siku mbili, harusi ya jamaa yangu. Na ninachosema ni kwamba mchezo ule wa ng'ombe ni wa Wareno, wametuachia, wala si wetu. Gofu mnaikataa kwa kuwa ya Wazungu, ng'ombe wa Mreno mnamkumbatia. Mizani gani hiyo?

Mzee wa Kikwajuni
Hapo kidogo ana neno. Lakini kama hoja ni hiyo, gofu haina ugeni Unguja. Wakati wa Mngereza Wazungu wakicheza pale pale Mnazi Mmoja. Uwanja ule uko katikati, huku Mji Mkongwe, kule Ng'ambo, na wa Ng'ambo akipita pembeni na njia yake. Leo watoto wanacheza mpira hapo jioni. Mie naona uwanja umepata wenyewe. Aliyefikiri tunahitaji kurudi kule atuambie kwa nini.

Yakhe wa Wete
Mzee wangu shikamoo. Hilo la Mreno linasemwa, sawa. Mreno kaondoka karne na karne, zumari analipiga Mpemba, nyimbo kazitunga Mpemba, ng'ombe wa Mpemba. Tena hatumtozi mtu eka 150, kiwanja kinatosha na watu wakimaliza pale pale wanalima. Lakini nyie wa Unguja kawaida yenu kutucheka. Kule Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa watu wazima wanatandikana kwa mashina ya migomba, mnaita utamaduni, watalii mnawauzia. Sie tukicheza na ng'ombe, "kukimbizwa."

Bint Makunduchi
Wewe wa Wete, nilikuwa upande wenu mpaka hapo. Mwaka Kogwa imeingiaje? Ile watu wanatoa vinyongo vyao vya mwaka mzima, wakimaliza wanapeana mikono, wanakula pamoja. Hakuna anayemchokoza mnyama asiyejua kasoro yake nini.

Yakhe wa Wete
Mnyama wetu anashiba kuliko hao mnaowapiga migomba.

Bint Makunduchi
Endelea. Ukoo wetu unasoma humu.

Eka Tatu
Jamani ardhi. Ardhi yote ni ya serikali kisheria, mwananchi ana haki ya kuitumia tu. Kwa hiyo siku wakiamua hapa ni gofu, utalipwa minazi yako na kuambiwa kwaheri. Nimetaja familia 50 toka mwanzo, hakuna aliyezigusa. Mmewagusa ng'ombe.

Shangani Juu
Nani kasema lazima ziwe eka za watu? Kuna maweni hayalimiki hata muhogo.

Eka Tatu
Maweni unayoyaita wewe hayalimiki, watu wanachoma chokaa, wanakata kuni, wanachunga mbuzi. Kwa mtu wa Shangani ardhi isiyo na ghorofa imelala.

Shangani Juu
Sasa mnanishambulia mtaa wangu. Babu yangu kahamia Shangani na godoro moja kichwani.

Fundi wa Bomba
Na nyumba si iko? Uza hiyo ujenge gofu.

Chwale Kwetu
Samahani nimechelewa, nimesoma yote. La gofu mie sina neno, mwenye hela yake atacheza popote. Ila Kengeja Asili anazungumza kama mchezo wa ng'ombe uko kwao peke yao. Ng'ombe wakali wako Chwale. Anayebisha aulize Pemba nzima.

Kengeja Asili
Pemba nzima ipi hiyo? Ng'ombe wenu anatolewa uwanjani, anamtazama mpiga zumari, analala.

Chwale Kwetu
Analala kwa kuwa waliokuja kumchezea walitoka Kengeja, hakuona mtu wa kumuinukia.

Yakhe wa Wete
Ndugu zangu, si mbele ya watu wa Unguja.

Kengeja Asili
Acha wasome. Chwale, taja mchezaji wenu mmoja aliyewahi kuja kwetu akasimama mpaka nyimbo ikaisha. Mmoja tu. Nangoja.