Naomba ushauri: mipangilio ya ngazi tatu kwenye mfumo wa wavuti

Wakuu, habari za kazi. Naomba mawazo ya wenye uzoefu wa Laravel (zana ya PHP ya kutengenezea mifumo ya wavuti).

Niko Masasi, Mtwara, natengeneza mfumo wa kupokelea korosho kwenye vyama vya msingi vya ushirika. Mipangilio ina ngazi tatu: mfumo mzima, wilaya, na chama chenyewe. Thamani ya ngazi ya chini ikiwepo inashinda ya juu. Siri kama nywila ya hifadhidata ziko kwenye faili la .env, hizo hazinisumbui.

Kinachonisumbua ni makato ya kila kilo kwenye malipo ya mkulima. Fomu ya chama inaonyesha thamani iliyorithiwa kutoka wilayani. Karani akibadilisha namba ya simu tu na kubonyeza "Hifadhi", makato nayo yanaandikwa kama ya chama. Wilaya ikibadili baadaye, chama kile kinabaki na kiwango cha zamani, na anayeumia ni mkulima. Minada huanza Oktoba, sitaki tufike huko na hali hii.

Nimejaribu kuhifadhi tofauti tu: thamani ikilingana na ya wilaya, haiandikwi. Lakini kuna vyama vinavyotaka kubaki na kiwango kilekile hata wilaya ikibadili. Halafu sifuri ni uamuzi halali, si sawa na kuachwa wazi.

Je, kila kipengele kiwe na kisanduku cha "Fuata wilaya", au kuna njia safi zaidi? Na kiwango kikibadilika katikati ya msimu, mnakitunzaje ili hati za malipo zilizokwisha kutoka zisiguswe?

Natanguliza shukrani.