Mrejesho: programu kwenye diski ya nje, imekubali

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama programu zinaweza kukaa diski ya nje, maana laptop yangu ya GB 128 ilibakiwa na GB 4 tu. Zinakaa. Blender, ile programu ya kutengeneza picha za 3D, nimechukua ile ya zip isiyohitaji kusakinishwa, nikaifungulia humohumo kwenye SSD, yaani hiyo diski ya nje, inapiga kazi.

Kilichonitoa jasho ni herufi ambayo Windows inaipa kila diski. Hapa stationery Chikongola, Mtwara, mteja alitangulia kuchomeka flashi yake, diski yangu ikaja E badala ya D, shotikati zote za kufungulia programu zikagoma kwa kuwa bado zilitafuta D. Nimeingia usimamizi wa diski wa Windows nikaipa P, sasa imetulia.

Aliyesema nitumie tundu la USB la bluu, lile la kasi, asante sana. Lile jeusi unasubiri mpaka chai inapoa. Antivirusi nimeiacha ndani ya laptop.