Kozi ya kwanza ya programu: Python, C au Scratch? (Mtwara, mashine za zamani)

MwalimuShangani
Wakuu, habari zenu. Naandaa kozi ya mwanzo ya kuandika programu hapa Mtwara mjini, kwa vijana waliomaliza kidato cha nne na wanasubiri matokeo. Wengi wamezoea simu tu, kibodi ni ngeni kwao. Wako 24, kompyuta ni 12, karibu zote Windows 7 yenye RAM ya GB 2. Intaneti ni bando la simu yangu. Mwenzangu ninayefundisha naye anang'ang'ania lugha ya programu ya C kwa sababu ndiyo watakayoikuta chuoni, mimi roho iko kwenye Python. Kuna aliyenitajia Scratch, ile ya kupanga vipande vya rangi badala ya kuandika. Waliowahi kufundisha naomba waseme walichokiona darasani.

Fundi_Newala
C, bila kuzunguka. Ilizaliwa Bell Labs, maabara ya Marekani, mwaka 1972 na mpaka leo Linux na mifumo mingine mikubwa ya kuendesha kompyuta imesimama juu yake. Anayeanza na C anajua kumbukumbu ya mashine inakaaje, lugha nyingine anateleza tu. Na kompaila yake, yaani programu inayotafsiri ulichoandika kiwe lugha ya mashine, ni nyepesi, GB 2 inatosha kabisa.

Dada_Mikindani
Fundi, kwenye wepesi nakubaliana nawe. Ila nimefundisha zote mbili, na kinachowaumiza wanaoanza na C ni kosa dogo lisilojieleza. Mwanafunzi anaandika

`scanf("%d", kilo);`

kasahau alama ya & kabla ya kilo. Kompaila inaweza kuipitisha kama hakuwasha maonyo, halafu programu inakata ghafla bila neno la maana. Hapo utamweleza anwani za kumbukumbu mtu ambaye jana ndiyo kajua kuhifadhi faili?

Python nayo ina mitego, ila mtego wake unaonekana kwa macho. Wape hesabu ya korosho, maana huku kilo na bei kila nyumba inazijua:

`kilo = input("Kilo: ")`
`bei = 3000`
`print(kilo * bei)`

Mtu anaingiza 50 akitegemea 150000. Skrini inajaa 505050505050 mpaka chini, kwa sababu input inarudisha maandishi, si namba, na maandishi yakizidishwa kwa 3000 Python inayarudia mara 3000. Darasa zima linasimama kuangalia. Usiwape jibu haraka, waache wabishane. Wakichoka, waonyeshe `float(input("Kilo: "))`. Watapata 150000.0, na wenyewe watauliza hiyo nukta sifuri imetoka wapi. Somo la aina za data limeshaingia, na hujaandika maana hata moja ubaoni.

Kuhusu Windows 7 kuwa makini: Python 3.8 ndiyo ya mwisho kuikubali, matoleo ya baadaye yatagoma. Tafuta Thonny. Ni programu ya wanaoanza iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, inakuja na Python yake ndani, na wana toleo lenye Python 3.8 kwa ajili ya mashine kama zako. Pakua mara moja, weka kwenye flashi, zungusha mashine zote. Bando lako litapona.

Kilwa_Masoko
Scratch naipenda sana, ni ya chuo cha MIT, Marekani, tangu 2007 na ina Kiswahili. Kwa shule ya msingi sina nyingine. Lakini Scratch 3 inataka Windows 10, na vijana wako watasema wanachezeshwa na vipande vya rangi. Iache.

Masasi_mwaka_wa_kwanza
Shikamooni walimu. Mimi ni mwanafunzi, nilianza na C. Lugha haikunishinda, kilichonishinda ni mwendo. Mwalimu anaandika ubaoni, tunanakili, programu ikikubali tunasonga mbele. Siku ya mtihani wa karatasi tunaulizwa programu hii itatoa nini, nusu ya darasa kimya. Tunaomba kabla ya kubonyeza kitufe cha kuendesha, kila mtu aandike kwenye daftari anachodhani kitatokea.

Fundi_Newala
Kijana umenena. Jedwali la kufuatilia: safu moja kwa kila kigeu (jina linalobeba thamani, kama kilo), mstari mpya kila kitanzi, yaani sehemu inayojirudia, kinapozunguka. Umeme ukikatika somo linaendelea kwenye daftari. Wangu wa C wote wanapitia hapo.
Ila Dada, kwenye C 7/2 ni 3, Python inawapa 3.5. Wakizoea hivyo, huko mbele watapotea.

Dada_Mikindani
Python inazo zote mbili. 7 / 2 ni 3.5, 7 // 2 inaacha desimali inatoa 3, na 7 % 2 ni 1, baki. Wafundishe siku hiyohiyo, kwa mfano kilo 230 zinajaza magunia mangapi ya kilo 80, na zinabaki ngapi.

MwalimuShangani
Nashukuru sana. Na hii ya wawili kwa mashine moja? Naogopa mwenye kompyuta nyumbani kwao atapora kibodi kozi nzima.

Dada_Mikindani
Atapora kweli, na hasa wasichana ndio watasukumwa pembeni. Weka sheria: anayeshika kibodi anaandika anachoambiwa na mwenzake tu. Kila dakika 15 wanabadilishana, na saa ushike wewe, usiwaachie wao.

MwalimuShangani
Basi Python na Thonny, jedwali kwenye daftari tangu siku ya kwanza. Mwenzangu amekubali C ichukue wiki mbili za mwisho, kwa zoezi lilelile la korosho. Fundi, tukikuomba ushuke Mtwara wiki hizo?

Fundi_Newala
Nitashuka mwalimu, nauli najigharamia. Wawe tayari wanaandika vitanzi bila kuangalizia. Na kompaila waiendeshe kwa `gcc -Wall`, hiyo -Wall inawasha maonyo, ili hiyo & wakiisahau iwaambie yenyewe.