Naomba ushauri: mama anasafiri Singapore hadi New York

Habari zenu wakuu. Mama yangu, miaka 68, anasafiri mwezi ujao kutoka Singapore kwenda New York. Ndege ya moja kwa moja hukata takriban kilomita 15,300, zaidi ya saa 18 angani. Miguu yake huvimba hata akikaa saa tatu tu kwenye basi, na kukaa hivyo muda mrefu kunaweza kugandisha damu kwenye mishipa. Hapo ndipo roho inaponidunda.

Akipitia London, umbali unafika kama kilomita 16,400, ila atashuka na kutembea kidogo. Mliosafirisha wazazi mbali hivi, mlichagua ipi? Soksi za kubana zilisaidia? Daktari tunamwona wiki ijayo, lakini nahitaji sana uzoefu wenu.