Wanafunzi wa sheria na utumishi wa umma: tunakosea wapi?

Mratibu_Kliniki
Wakuu, salaam. Wanafunzi wa sheria wanaingia mwaka wa kwanza wakisema watatetea wasio na uwezo. Wakifika mwaka wa mwisho wanapigana vikumbo kwenye milango ya kampuni za uwakili. Semina za hamasa zimefanyika, mabango yamebandikwa. Kliniki ya chuo ya msaada wa kisheria ina wasimamizi wawili na bajeti kiduchu. Nini kinafanya kazi kweli?

Masjala
Anza na kalenda. Kampuni kubwa huchagua watu mapema, wengine wakiwa bado darasani. Ofisi za umma husubiri bajeti ipite, na tangazo linapotoka mhitimu ameshasaini mkataba kwingine. Hapo hamna upungufu wa uzalendo, ni ratiba tu.

Tengeneza jedwali: ofisi gani, matangazo yake yalitoka mwezi gani kwa miaka mitatu iliyopita, inataka nyaraka zipi, nani wa kuulizwa. Liwafikie wanafunzi mwanzoni mwa mwaka wa pili. Nakala za vyeti zithibitishwe mapema, na wadhamini waombwe wiki nne kabla. Maombi mengi hufia hapo, mtu anamsaka mhadhiri zikiwa zimebaki siku mbili.

Jalada_Wazi
Kuhusu kliniki: kwa wasimamizi wawili usizidishe wanafunzi 16. Chukua mashauri yanayoweza kuisha ndani ya muhula: dhamana, madai ya mshahara, matunzo ya mtoto, cheti cha kuzaliwa. Mirathi yenye wadai kumi na moja waachie mawakili wenye subira.

Kabla mteja hajafungua kinywa, majina ya pande zote yakaguliwe kwenye daftari la wateja. Ukikagua baadaye utajikuta umeshasikia siri za mahasimu wawili, na itabidi uwaache wote. Kisha mahojiano: raundi ya kwanza mteja aseme hadi amalize, kalamu iko chini. Ya pili panga matukio kwa tarehe. Ya tatu pitia nyaraka. Maelezo asomewe kwa lugha anayoielewa ndipo aweke sahihi. Mwanafunzi asiahidi ushindi. Hilo ndilo kosa la wiki ya kwanza.

La muhimu kuliko yote, kila mmoja awe na kipande cha kazi kilichotoka mkononi mwake, kwa mfano hoja za dhamana, na awepo mahakamani zikisomwa. Anayetumwa kutoa fotokopi muhula mzima ataondoka akiichukia kazi yenyewe. Muhula ukiisha, hati ya makabidhiano ya ukurasa mmoja: kilichofanyika, tarehe ijayo, nyaraka ziko wapi. Bila hiyo kesi inaitwa, hakuna aliyefika, shauri linafutwa, na anayeumia ni mteja.

Hesabu_Kwanza
Mkopo nao msiusahau. Marekani ina mpango wa mwaka 2007: mhitimu akifanya kazi serikalini au kwenye shirika lisilo la faida na kulipa marejesho 120 yanayokubalika, salio la mkopo wa serikali kuu linafutwa. Mtego upo kwenye neno "yanayokubalika". Aina ya mkopo isiyostahili, au utaratibu wa marejesho usio sahihi, na miezi yako haihesabiwi. Ndiyo maana fomu ya mwajiri hujazwa kila mwaka badala ya kungoja ule wa kumi.

Pasipo na mpango kama huo, mwanafunzi akae na karatasi: mshahara baada ya makato, toa marejesho, toa kodi ya nyumba. Akiona kinachobaki ataamua kwa macho mawili. Kumwambia "ni wito" hakulipi kodi.

Kifungu_Kidogo
Pia wengi wanadhani utumishi wa umma ni kushtaki au kutetea tu. Uandishi wa sheria hautajwi kabisa. Wape zoezi hili: "atakayeuza na kusafirisha" dhidi ya "atakayeuza au kusafirisha". Kwa "na", mwendesha mashtaka lazima athibitishe vyote viwili, na aliyeuza tu anarudi nyumbani. Utashangaa ni wangapi watauliza kazi hiyo inapatikana wapi.

Mratibu_Kliniki
Nashukuru sana. Na kwenye usaili?

Masjala
Wazoeshwe maswali mawili. Ushahidi unaomsaidia mshtakiwa umekutwa kwenye jalada la mashtaka, unafanyaje? Unaukabidhi upande wa utetezi. Utamteteaje unayehisi ana hatia? Mzigo wa kuthibitisha uko kwa mashtaka, kazi yako ni kuupima. Anayejibu kwa hotuba kuhusu wanyonge humaliza muda wake kabla hajafika kwenye sheria.