Mawakala wa vyuo Uingereza, acheni kuwaambia watu wetu kwamba topapu ya afya inatoa manesi

Wakuu, leo nalimwaga hili hapa kwa sababu wiki hii nimemsikia tena wakala yuleyule anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Waswahili wa huku Midlands, anaandikisha watu wa Septemba. Wengi anaowalenga ni akina mama wanaofanya kazi ya kea, yaani kuhudumia wazee na wagonjwa. Wanatoka shifti ya usiku saa mbili asubuhi, macho mekundu, halafu mtu anawaambia kwa Kiswahili safi kabisa kwamba wakisoma mwaka mmoja tu watakuwa manesi au maafisa ustawi wa jamii. Ni uongo, na yeye anajua ni uongo.

Kwa asiyejua, topapu, ambayo mimi mwenyewe nimeisoma, ni mwaka wa mwisho wa shahada. Shahada ya England ina krediti 360. Ukiwa na HND, ile stashahada ya juu, unakuwa tayari na 240, zinabaki 120 za ngazi ya 6. Unasoma, unaandika tasnifu, unapewa shahada ya Afya na Huduma za Jamii. Mpaka hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni hicho unachoahidiwa baada ya hapo.

Nesi wa nchi hii lazima awe amesajiliwa na NMC, baraza la wauguzi na wakunga. Ukisomea hapa, huwezi kusajiliwa kama hukusoma kozi iliyoidhinishwa na baraza lenyewe, na kozi hiyo ina saa 2,300 za vitendo, wodini na kwenye jamii. Ustawi wa jamii ni vilevile. Kwa England msajili ni Social Work England, mwanafunzi anawekewa siku 200 za kujifunza kazi yenyewe, na cheo hicho kinalindwa na sheria, hujiiti tu. Sasa topapu yangu ilikuwa na siku ngapi za vitendo? Hakuna. Hata moja. Darasani siku mbili kwa wiki, basi.

Na msije mkaniambia ningeuliza. Niliuliza! Kabla sijasaini chochote nilimwandikia wakala kuhusu PIN, yaani namba ya usajili wa nesi: "Nikimaliza hii naweza kuomba PIN ya NMC?" Akajibu: "Ndiyo dada yangu, utaomba tu, usiwe na wasiwasi." Ujumbe ninao mpaka leo. Siku ya kujiandikisha nikauliza tena chuoni, mama wa udahili akasema kozi hii inafungua milango mingi ya NHS, huduma ya afya ya serikali. Nimemaliza, nimeanza kuomba kazi, na kila tangazo la uuguzi la Bendi 5, ngazi ya mshahara anayoanzia nesi NHS, linadai PIN. Zilizobaki wazi kwangu ni kazi za usaidizi za Bendi 2 na 3, ambazo kwa uzoefu wangu wa nyumba za wazee ningeziomba hata kabla ya kukanyaga chuo. Hata umeneja wa nyumba ya wazee, sifa wanayoitaja zaidi ni stashahada ya ngazi ya 5 ya uongozi katika huduma za watu wazima, na hiyo watu wengi wanaifanya wakiwa kazini.

Kilicho cha kweli ni deni. Mimi niliingia ada ikiwa imefikia kikomo cha pauni 9,250, kisha mwaka wa masomo 2025/26 kikomo kikapandishwa hadi 9,535. Weka na mkopo wa kujikimu juu yake. Kwa sisi tulioanza masomo kuanzia Agosti 2023, makato ni asilimia 9 ya kila pauni unayopata juu ya 25,000 kwa mwaka, na deni linafutwa baada ya miaka 40. Miaka arobaini! Kuna wenzangu darasani wana miaka hamsini na kitu. Wakala aliwaambia hii ni "hela ya serikali". Aliwaambia pia wale wanaoogopa riba kwamba haina riba. Ina riba. Serikali ilikusanya maoni kuhusu mkopo unaofuata sharia ya Kiislamu mwaka 2014, ikapata nguvu ya kisheria mwaka 2017, na mimi nimesoma mpaka nimemaliza sijauona. Kumdanganya mtu katika jambo la dini yake ili akuingizie kamisheni, hilo linaniuma kuliko yote.

Tuje kwenye kufundishwa kwenyewe. Tasnifu yetu ilikuwa krediti 40 kati ya zile 120, yaani theluthi nzima ya mwaka ambao ndio unaoamua daraja lako. Msimamizi wangu aliacha kazi katikati ya muhula. Aliyefuata alinikuta nimeshapitishiwa mada, uangalizi wa wagonjwa wa dimenshia wanaosahau Kiingereza na kurudi kwenye lugha ya utotoni. Mada ninayoijua kwa mikono yangu, maana nimewalisha watu hao na kuwabadilisha nguo. Akaniambia nibadilishe, kwa sababu hakuna muda wa kamati ya maadili kuruhusu mahojiano. Nikaanza upya na mapitio ya maandiko. Sura zangu mbili zilirudi na maoni baada ya tarehe ya kukusanya kupita. Baada! Halafu naitwa kwenye kikao kujieleza kwa nini Kiingereza changu "kimenyooka mno", kana kwamba mtu wa Tanga hawezi kuandika sentensi bila kompyuta kumwandikia. Nililia kwenye basi siku ile, na usiku nikaenda kazini.

Mjue pia kwamba vyuo vingi vya namna hii si chuo kikuu chenyewe. Vinafundisha kwa niaba ya chuo kikuu, na ada wanagawana. NAO, ofisi ya ukaguzi wa hesabu za serikali, ilitoa ripoti Januari 2024 kuhusu vyuo hivi: wanafunzi wake walipanda kutoka 50,440 mwaka 2018/19 hadi 108,600 mwaka 2021/22, na suala la mawakala wanaolipwa kuleta watu lilitajwa humo humo. Kwa hiyo serikali inajua. Chuo kikuu kinachosaini vyeti kinajua.

Na nyie mlio kwenye viza ya kea, nawaomba sana. Mkopo wa wanafunzi kwa kawaida hamupati, mtatozwa ada ya wageni, ambayo haina kikomo cha kisheria. Mkiambiwa shahada itawabadilishia viza, kataeni. Viza inaangalia kazi uliyopewa na mwajiri, haiangalii cheti ulichotundika ukutani.

Sisemi shahada haina kazi kabisa. Nimeshagundua ukiwa nayo unaweza kuomba shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii ya miaka miwili, au ya uuguzi, na huko ndiko kwenye usajili. Lakini hiyo ni miaka miwili mingine, na ushindani, na daraja zuri linatakiwa. Mtu angeniambia hivyo mwanzoni ningepanga maisha yangu. Sikuambiwa.

Kabla hujasaini, ingia mwenyewe kwenye tovuti ya NMC au Social Work England, tafuta jina la kozi kwenye orodha ya zilizoidhinishwa. Kama haimo, wakala aseme mpaka asubuhi, haimo.

Malalamiko yangu chuoni yamekataliwa na barua ya kufunga utaratibu wa ndani nimeshapewa, kwa hiyo nina miezi 12 kuyapeleka OIA, wale wasuluhishi huru wa wanafunzi, na ni bure. Aliyewahi kufika huko kwa kesi ya kupotoshwa kuhusu kozi, naomba aandike hapa alipeleka ushahidi gani na kama ujumbe wa WhatsApp wa wakala ulikubaliwa. Na mliosoma chuo kimoja na mimi, mnajijua, njooni inbox tupeleke pamoja.