Tupeane uzoefu: kuvalisha mbao ukuta wa tofali

Wakuu, habari za jioni. Nyumba ipo Kigamboni, tofali za nchi 6, plasta ya nje imeshakauka. Ukuta wa barazani nataka kuuvalisha mbao, zilale. Fundi anasema atazipiga misumari moja kwa moja kwenye plasta, eti papi, vile vipande vyembamba vya mbao vinavyotangulia ukutani, ni kuongeza gharama. Mliokwisha kufanya, mlifanyaje?

Mzee wa Saiti: Papi siyo urembo, mkuu. Tofali linanyonya maji ya mvua na kuyatoa taratibu. Mbao ikigandana nalo, mgongo unabaki na unyevu huku uso ukipigwa jua, lazima ijikunje. Kwangu Tanga nilisimamisha papi wima kila sentimita 50, nikazikaza kwa skrubu na fisha, zile plagi za plastiki zinazoingia kwenye tundu la ukuta. Wima, kwa sababu mbao zimelala. Papi nazo zikilala, maji yakipenya yanatuama juu yake na hewa haipandi. Juu na chini niliacha wazi, nikaweka wavu wa mbu tu.

Binti Mafinga: Huku paini inatoka mashineni bado mbichi, kesho yake ipo kwenye lori kuja kwenu. Ukiipiga hivyo, kiangazi kikipita unapenyeza kidole kati ya mbao na mbao. Ipange kivulini kwanza, na vipande katikati ipitishe hewa. Yenye dawa ina ukijani, ila kata kichwani uone kama ukijani umeingia ndani au umeishia juu juu. Na kila ulipokata, papakwe dawa upya.

Shemeji wa Fundi: Kigamboni ni chumvi, ndugu. Kwa shemeji yangu kila msumari umeshusha mchirizi wa kutu, na ni mninga ule, siyo mbao ya mchezo! Nunua skrubu za stenlesi hata kama roho inauma.

Mama Wawili: Mbona mchwa hamuwataji? Kwetu Chanika fundi aliteremsha mbao mpaka zikagusa udongo wa bustani, eti zipendeze. Nje vanishi inang'aa, hakuna anayejua kitu. Siku moja mtoto kaegemeza baiskeli, usukani ukazama ndani ya mbao! Kubandua, njia za udongo zimepanda ukuta mzima. Sasa mbao zinaanzia shibiri moja kutoka ardhini, chini tumeacha ukuta mtupu. Mchwa wakipanda tunawaona.

Mwenye uzi: Asanteni sana. Nimemsomea fundi yote, kanuna, anasema papi hazikuwemo kwenye makubaliano. Tutaelewana tu. Na juu nipake vanishi au oili?

Mzee wa Saiti: Ukuta unatazama wapi? Kama ni magharibi, achana na vanishi. Jua la saa kumi litaibambua, na kabla ya kupaka tena ni kukwangua ukuta mzima kwa msasa. Oili ya mbao inafifia tu, unafuta vumbi unarudia. Lakini siyo oili chafu ya gereji, maana fundi wako naona ndiyo atakayokuletea.